Miguu inajaa jioni, asubuhi imenywea: maji haya yanatoka wapi na yanaenda wapi?

"Daktari, mimi ni mama wa miaka 46, nauza vitenge Kariakoo. Nasimama dukani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, siku sita kwa wiki. Huu ni mwezi wa tano, kila ikifika alasiri miguu yote miwili inaanza kujaa kwenye vifundo, viatu vinabana, na nikivua soksi alama inabaki. Haiumi sana ila inakuwa mizito. Nikilala, asubuhi imenywea kabisa, lakini usiku naamka mara mbili au tatu kukojoa. Nina presha. Miezi sita iliyopita nilianzishiwa amlodipini ya miligramu 10 na presha imetulia. Majirani wa dukani mmoja anasema ni figo, mwingine anasema nimejaa maji nipunguze kunywa, mwingine kanipa vidonge vya Lasix alivyobakiza mama yake, ila sijaanza kuvinywa. Nyumbani binti yangu ananikanda kwa maji ya moto kila usiku. Nimepunguza maji mpaka vikombe vitatu kwa siku na sijaona nafuu. Je, figo zangu zimeharibika? Na maji haya yanatoka wapi, na asubuhi yanakuwa yameenda wapi?"

Dada yangu, pole na kazi, na pole na usiku wa kuamkaamka. Kabla sijaeleza lolote naomba mambo matatu, yaanze leo. Rudi kunywa maji kwa kadiri ya kiu yako. Vile vidonge vya Lasix vya kupewa viweke kando. Na dawa yako ya presha usiiache hata siku moja mpaka uonane na aliyekuandikia. Sababu zake utaziona tukiendelea.

Hofu yako kubwa ni figo. Kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba ni miguu yote miwili, inaanza alasiri, inaisha kwa kulala, na ilianza kama mwezi mmoja baada ya dawa mpya, figo si mtuhumiwa wangu wa kwanza. Siwezi kuziondolea shaka kwa maandishi tu, lazima mkojo na damu vipimwe, na nitakuambia wapi pa kuanzia. Lakini maelezo yako yananipeleka zaidi kwenye vitu viwili: uzito wa damu yenyewe ukiwa umesimama, na ile amlodipini. Nadhani mwilini mwako hamjazidi maji kwa kiasi cha kuogopesha. Maji ni yaleyale uliyokuwa nayo mwaka jana, ila mchana yanashukia pasipo pake na usiku yanarudi.

Tuanzie darini. Nyumba nyingi hapa Dar zina tanki la maji juu ya mnara, maana bomba halitoi kila siku. Bila shaka umeona kwamba koki ya uani, iliyo chini kabisa, inamwaga maji kwa kishindo, na koki ya bafu la ghorofani, iliyo karibu na tanki, inachuruzika. Maji ni yaleyale na tanki ni lilelile. Kinachotofautiana ni kimo cha maji yaliyo juu ya koki. Kila sentimita ya maji ina uzito, na sentimita zote za juu zinailalia ile ya chini. Ukubwa wa tanki hauna kazi hapa: la lita 500 na la lita 5,000, maji yakiwa kwenye kimo kimoja, koki ya chini inasukumwa sawasawa.

Ukisimama, mwili wako ni mnara wa namna hiyo. Damu imejaa kwenye mishipa bila kukatika kutoka kichwani mpaka vidoleni, na kati ya moyo na kifundo cha mguu, kwa mtu wa urefu wa kawaida, kuna kama sentimita 120. Presha tunaihesabu kwa milimita za zebaki kwa sababu vipimo vya zamani vilikuwa na mrija wa zebaki, na zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Damu inaizidi maji kidogo tu, mara 1.06 hivi. Piga hesabu: nguzo ya damu ya sentimita 120 inakilalia kifundo kwa karibu milimita 93 za zebaki. Kwa hiyo siku ambayo presha yako mkononi ni 120 kwa 80, ukiwa umesimama wima ateri za kifundoni, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zina kama 210 kwa 170. Usishtuke, dada. Ni hivyo kwangu na kwa kila anayesimama, na ateri za miguu zina kuta nene za kubeba hilo. Ukilala, nguzo inalala nawe, na zile milimita 93 zinaondoka.

Hapa niseme jambo moja linalokuhusu kama mwenye presha. Wanapokupima, mkono uegemezwe mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, kipimo kinaongeza karibu milimita 8 ambazo si zako. Nimeona watu wakiongezewa dozi kwa sababu ya mkono uliokosa meza.

Unaweza kuiona nguzo hiyo sasa hivi bila kifaa. Ning'iniza mkono wako pembeni ya mwili kwa dakika moja, kisha tazama mgongo wa kiganja: vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zimetuna. Uinue polepole mpaka juu ya kichwa, na mahali fulani usawa wa kifua zitanywea zenyewe, kama mpira wa kumwagilia uliofungiwa maji. Moyo haukubadilisha chochote katika muda huo. Wewe ndiye uliyehamisha koki.

Sasa, maji yanavujia wapi? Ateri haivuji, na vena haivuji. Panapovuja ni kwenye kapilari, vijimishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu ya damu inapita kwa kujikunja, na ukuta wake ni unene wa seli moja tu. Huo uvujaji ndio kazi yake, maana bila hiyo misuli na ngozi visingepata maji wala chakula. Mfikirie mtu anayekamua nazi kwenye kifumbu. Tui linapita, machicha yanabaki. Akikamua kwa nguvu zaidi, tui linazidi kutoka. Akilegeza mkono, machicha yanalishikilia tui lililobaki. Katika kapilari, mkono unaokamua ni presha ya damu. Machicha ni protini kubwa za damu, hasa albumini, ambazo hazipiti kirahisi kwenye matundu ya ukuta, na kwa kubaki ndani zinayavuta maji yasitoke. Nguvu ya mvuto huo ni kama milimita 25 za zebaki. Mwingereza Ernest Starling ndiye aliyeeleza mvutano huu mwaka 1896, na mpaka leo ndilo somo ninaloanza nalo kila mwaka ninapopata wanafunzi wapya wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hili unauelewa uvimbe karibu wote unaoingia wodini.

Ukiwa umelala, anayekamua na anayevuta wanakaribiana nguvu. Kinachozidi kutoka ni kidogo, na kinazolewa na mishipa ya limfu, ambayo ni mitaro myembamba inayokusanya maji yaliyobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Hapa Pwani tunaijua mitaro hiyo kwa uchungu. Minyoo inayoenezwa na mbu ikiiharibu, mguu unajaa na haunywei tena kwa kulala, ngozi inakuwa nene, na ndiyo tunaita matende. Mguu wako unaorudi kila asubuhi unaniambia kwamba mitaro yako inafanya kazi.

Ukisimama, ile nguzo ya damu inaongeza mkamuo kwenye kapilari za miguu, na albumini haijaongezeka hata chembe. Maji yanatoka kuliko yanavyorudi. Ukibonyeza ugoko kwa kidole gumba ukahesabu mpaka kumi, shimo linabaki, kwa sababu umeyasukuma maji pembeni na yanachukua muda kurudi. Alama ya soksi ni jambo hilohilo.

Utaniuliza: mbona basi watu wote wa Kariakoo hawavimbi? Kwa sababu mwili una kinga, na kubwa kuliko zote ni kigimbi. Ndani ya vena za miguu kuna vali, vijilango vinavyoruhusu damu kupanda tu. William Harvey alizionyesha kwa mkono wa mtu aliyefungwa kitambaa, katika kitabu chake cha mwaka 1628, alipothibitisha kwamba damu inazunguka. Kila unapopiga hatua, msuli wa kigimbi unajikaza na kuikamua vena, damu inapanda, vali inafunga nyuma yake. Nguzo ndefu inakatwa vipande vifupi, na kila vali inabeba kipande chake. Mtu akisimama tuli, vena ya mguuni ina zile milimita 90. Akianza kutembea, baada ya hatua chache tu zinashuka mpaka karibu 30, miguu ikiwa ileile na kimo kilekile. Ndiyo maana mmachinga anayezunguka kutwa na beseni kichwani anaweza kurudi nyumbani na vifundo vyake, na wewe uliyesimama nyuma ya meza ukarudi umevimba. Kusimama tuli kunaichosha miguu kuliko kutembea, na hili watu wengi hawaliamini mpaka walijaribu.

Kinga ya pili ni ngozi. Twiga wetu ana shingo ndefu na moyo wenye presha karibu mara mbili ya yetu, na damu inayoilalia miguu yake ina nguzo ndefu kuliko ya mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu, lakini havimbi. Ngozi ya miguu yake ni nene na imebana, maji yakitaka kutoka yanakutana na ukuta unaosukuma nyuma. Ngozi yetu ni laini, inanyooka, na kadiri inavyonyooka kila siku ndivyo inavyozidi kulegea.

Kinga ya tatu ndiyo inayonirudisha kwenye dawa yako. Kabla ya kapilari kuna ateri ndogo sana zenye misuli ya mviringo, na hizo ndizo koki za mwili. Ukisimama, za miguuni hujikaza zenyewe ili ule mkamuo mkubwa usifike wote kwenye kapilari. Amlodipini kazi yake ni kuzilegeza hizo koki, na ndivyo inavyoshusha presha. Nguvu yake inatokana na kanuni aliyoipata daktari Mfaransa, Poiseuille, katika miaka ya 1840: kiasi kinachopita kwenye mrija kinategemea nusu ya upana wake ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne. Panua koki kwa asilimia 19 tu, na mtiririko unakuwa maradufu. Ni dawa nzuri na imewaokoa wengi na kiharusi. Ila inalegeza upande wa kuingilia kapilari bila kulegeza upande wa kutokea kwa kiasi kilekile, na ile tabia ya koki kujikaza mtu anaposimama inapungua. Damu inaingia kwa nguvu, haipati njia pana ya kutoka, kifumbu kinakamuliwa. Uvimbe wa vifundo ni athari inayojulikana ya dawa hii, unatokea zaidi kwa wanawake, na zaidi kwa dozi ya miligramu 10 kuliko 5. Ongeza joto la Dar, ambalo nalo linapanua mishipa ya ngozi, na saa kumi na moja za kusimama.

Usiku sasa. Ukilala, nguzo imeondoka, albumini inashinda mvutano, maji yanarudi kwenye damu. Damu inaongezeka ujazo, vyumba vya juu vya moyo vinatanuka kidogo, na vikitanuka vinatoa homoni inayoziambia figo zitoe chumvi na maji. Figo zinatii, kibofu kinajaa, unaamka. Mkojo wako wa saa nane usiku ni miguu yako ya saa kumi na mbili jioni. Hizo figo unazoziogopa, kwa hili, zinafanya kazi yake barabara. Ila nitataka upimwe sukari, maana kisukari nacho huamsha watu usiku, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwa kuwa sasa unajua njia ya maji, tuyapime maneno ya majirani.

Kupunguza maji ya kunywa hakujakusaidia na kusingekusaidia, kwa sababu kinachoamua maji yakae kwenye damu au kwenye nyama ni presha na protini, na vikombe vitatu havigusi hata kimoja. Katika jiji hili unatoka jasho kutwa. Vikombe vitatu vinakuletea kizunguzungu na mkojo mzito, na vinazibana zile figo unazozitetea. Wapo wagonjwa wa moyo au figo wanaowekewa kiwango cha maji na daktari wao. Hilo ni lao, wamepimwa.

Chumvi ni habari nyingine, na hapa natamani majirani wangekuonya kwa sauti kubwa zaidi. Dripu ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja, na uwiano huo unakaribiana na chumvi ya damu yako. Mwili hauruhusu uwiano huo ubadilike. Ukibakiza gramu 9 za chumvi mwilini, utabakiza na lita nzima ya maji ya kuisindikiza, utake usitake, kiu itakulazimisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya mkate, supu ya asubuhi, chipsi, vidonge vya mchuzi na ng'onda. Kwa mwenye presha, hii ni nafuu mara mbili.

Lasix, yaani furosemidi, inazilazimisha figo zitoe chumvi na maji kwa kasi. Ni dawa ya maana sana kwa moyo uliochoka au mapafu yaliyojaa maji, na mama wa jirani yako huenda aliihitaji kweli. Kwako ingekausha damu huku nguzo ikibaki ileile na koki zikiwa zimelegea vilevile, na uvimbe unaoletwa na amlodipini huwa hauitikii vizuri dawa za kukojosha. Ungepoteza potasiamu, ambayo misuli na moyo vinaitegemea, ungepata vichomi vya misuli na kizunguzungu, na miguu ungeikuta palepale. Nimewapokea watu walioanguka bafuni alfajiri kwa vidonge vya kuazimana. Tafadhali.

Kukandwa kwa maji ya moto ni upendo wa binti yako, na sitaki umkataze kwa ukali. Lakini moto unapanua zile koki na kuongeza mkamuo. Mwambie aache maji ya moto, ulale chali, miguu iwe juu ya mito mpaka ipite usawa wa moyo, naye akukande kwa mikono, taratibu, kutoka kwenye nyayo kuelekea gotini. Anayasukuma maji upande yanakotakiwa kwenda. Fanyeni hivyo saa moja au zaidi kabla ya kulala, kwa nusu saa au hata zaidi. Mkojo utakuja ungali macho, na usiku utapungua kuamka.

Kuna kitu hukukitaja lakini nakiuliza kwa sababu nakiona kila wiki: unanunua dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa kwa ajili ya uzito wa miguu? Kama ndiyo, acha. Zinazifanya figo zibakize chumvi, zinapandisha presha, na kwa mtu mwenye presha zinaweza kuziumiza figo kwa kweli.

Dukani, dawa ya kwanza ni kigimbi chako. Kila baada ya nusu saa hivi, shika meza, inuka kwa vidole vya miguu, shuka, mara 20. Mteja akiwa anachagua kitenge hatajua hata unafanya nini. Weka kigoda nyuma ya meza ukae pale mauzo yanapotulia, lakini ukikaa chezesha nyayo juu na chini, maana kukaa tuli na miguu ikining'inia bado kunaacha nguzo ndefu. Ukiweza, wewe mwenyewe nenda ukalete mzigo wa karibu badala ya kumtuma kijana. Uzito wa mwili ukipungua, nao unasaidia, kwa sababu tumbo kubwa linabana vena zinazopanda kutoka miguuni. Sijakuona, kwa hiyo hilo utajipima mwenyewe.

Soksi za kubana ninazipenda, kwa masharti. Zinaigiza ngozi ya twiga. Fizikia yake ni nzuri: mpira ukivutwa kwa nguvu ileile, unabana zaidi pale mguu ulipo mwembamba, kwa sababu msukumo ni mvuto wa mpira ukigawanywa kwa nusu ya upana. Ndiyo maana soksi ya kweli inabana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya kapilari, yenye ukuta wa seli moja, isipasuke: wembamba wake unafanya mvuto kwenye ukuta uwe mdogo mno. Na ndiyo maana sipendi bandeji za kujifungia wewe mwenyewe. Ukikaza juu karibu na goti kuliko chini, umefunga mto na bonde litafurika. Soksi zenye mbano wa milimita 15 hadi 20 za zebaki zinatosha kwa anayesimama kazini. Zivaliwe asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado mwembamba. Za mtumba mara nyingi mpira umeshachoka. Zina joto, na mwezi Februari utazichukia, nakubali. Na usizinunue kabla mtu hajakushika mapigo ya miguuni, kwa sababu mwenye ateri zilizoziba, au kisukari kilichoua hisia za nyayo, zinaweza kumletea kidonda.

Suluhisho lenye uzito zaidi, kama kweli ni amlodipini, liko kwa daktari wako. Anaweza kushusha dozi kuwa miligramu 5, au kukubadilishia, au kukuongezea dawa ya kundi lingine kama losartani, inayofungua na upande wa kutokea kapilari ili mkamuo upungue. Kila njia ina bei yake. Ukishusha dozi, presha inaweza kupanda, na itabidi ipimwe kila wiki kwa muda. Losartani haifai kabisa kwenye ujauzito, na kwa miaka 46 swali hilo bado ni halali, mwambie ukweli. Kuna watu tunakubaliana nao waendelee na dawa ileile na uvimbe mdogo, kwa sababu presha yao imekataa dawa nyingine. Unachopoteza ukiiacha kimyakimya ni ubongo na figo, na hiyo si biashara.

Nenda kituo cha afya ndani ya wiki hii au ijayo. Omba wapime mkojo kwa kijiti kutafuta protini, damu kwa kreatinini, taka inayobaki kwenye damu figo zikilegea, na kwa sukari, na presha ukiwa umekaa, mkono mezani. Uvimbe unaoletwa na figo huwa na sura yake: albumini inapotea kwenye mkojo, machicha yanapungua kwenye kifumbu, na uso unavimba asubuhi hasa kwenye kope, na mkojo unatoa povu lisilokatika upesi. Ini likishindwa kutengeneza albumini, miguu na tumbo huvimba vilevile. Kama majibu yanaonyesha kitu watakupa rufaa, kwa upande wa Ilala mara nyingi ni hospitali ya Amana, na moyo ukishukiwa kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Upanga.

Usisubiri wiki, nenda siku hiyohiyo, kama mguu mmoja tu umevimba ghafla, ukauma na kupata joto, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani ya vena. Nenda usiku huohuo kama pumzi inakata, kifua kinauma, au huwezi kulala bila kuinuliwa kwa mito mitatu. Hivyo vinamaanisha mapafu au moyo, na hakuna soksi wala mto unaotibu hayo. Na kama kuna mama mjamzito nyumbani mwako anayesoma haya na amevimba uso au mikono, kichwa kinamuuma, macho yanaona nyota, yeye asifuate ushauri wangu wa kunyanyua miguu. Aende hospitali sasa hivi, apimwe kifafa cha mimba.

Jambo la mwisho ni rahisi, na kwa kazi yako kifaa unacho mezani. Chukua futi ya fundi cherehani. Weka alama ya kalamu kwenye mguu, sentimita 10 juu ya kile kifupa cha kifundo, na pima mzunguko hapo kila asubuhi kabla hujashuka kitandani na kila jioni ukifunga duka. Miguu yote miwili, siku 14, andika kwenye daftari la mauzo ukurasa wa nyuma. Wiki ya kwanza fanya kigimbi na kigoda tu. Wiki ya pili ongeza kunyanyua miguu jioni. Hilo daftari nenda nalo kwa daktari pamoja na boksi la amlodipini, na ukishapata majibu ya mkojo na kreatinini, niandikie tena na namba zako.